Tochi ya kichwani ya wavuvi wa dagaa: nimeiingiza chini ya mawe

Tochi hii inauzwa Kirumba, kwenye maduka ya zana za uvuvi yaliyo jirani na Mwaloni, na wateja wake wakubwa ni vijana wa dagaa. Ni ya kuchaji. Ina betri nene ya duara inayochomoka, taa nyeupe na taa ya njano, na mbele kuna pete: ukiizungusha mwanga unakusanyika, ukiirudisha unatawanyika. Nilipatana hadi shilingi 28,000. Dada muuzaji akaniuliza, "Kaka, na wewe unashuka ziwani?" Nikamwambia hapana, naingia chini ya mawe kufuata maji. Akanitazama kidogo, akaniongezea waya wa chaji wa akiba, hela hakudai.

Mimi ni fundi bomba. Ukifanya kazi hii kwenye vilima vya Mwanza, swali la maji yanayopotea halikuachi. Mvua ikinyesha, kijito kinateremka vizuri, kinafika kwenye lundo la majabali, kinazama. Chini ya mtaa maji yanatokea tena, sehemu mbili au tatu. Je, ni yaleyale? Kwenye kilima chetu, upande wa Bugarika, watu wamejenga hadi juu kabisa, na vyoo vimechimbwa huko huko juu. Mama anayechota kwenye chemchemi ya chini ana haki ya kujua maji yake yamepita wapi.

Mapango yetu si kama yale ya Amboni kule Tanga. Amboni ni mawe ya chokaa: maji ya mvua yana asidi kidogo, yanayeyusha mwamba taratibu hadi yanafungua njia. Mawe yetu ni graniti, hayayeyuki hivyo. Huku pango ni nafasi iliyobaki kati ya majabali yaliyorundikana, udongo wa katikati ukasombwa. Hakuna ukumbi wa kusimama. Unatambaa, unageuza bega, unashuka kwa mgongo, na mikono yote miwili inashika jiwe. Tochi ya mkononi humo ni mzigo.

Sasa tochi yenyewe. Uzuri wake mkubwa ni ule mwanga mpana, na naona wengi wanaonunua wanaangalia jambo jingine kabisa. Boksi limetangaza lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) za kutisha; usihangaike nazo. Kwenye mwanya wa mita mbili huhitaji kumulika mbali. Ukikusanya mwanga unapata doa kali mbele yako na giza miguuni, tena pumzi yako inageuka ukungu na ule ukali unakurudia machoni. Zungusha pete hadi mwisho, shusha nguvu hadi daraja la chini, halafu subiri macho yazoee. Hapo unaona sakafu, kuta na maji kwa pamoja.

Hivyo ndivyo nilivyokiona nilichokuwa nakitafuta. Tulishapima kwa ndoo ya lita 20, kwanza pale kijito kinapozama, kisha pale maji yanapotoka kwenye korongo. Ya korongoni ilijaa karibu mara mbili kwa upesi. Maji hayazaliani njiani, kwa hiyo kuna mkondo mwingine unaingilia humo ndani. Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya jabali kubwa, taa nyeupe, mwanga umetawanyika, nikaona mstari ndani ya maji. Kulia yalikuwa ya rangi ya chai, yana vipande vya majani. Kushoto yalikuwa maangavu kabisa, yakitoka kwenye ufa usiopitisha hata mkono. Yalitembea pamoja kama hatua moja bila kuchanganyika, kila moja upande wake, kisha mstari ukafifia na yote yakawa ya rangi moja. Nikabadili kwenda taa ya njano: mstari sikuuona tena. Kwa hiyo njano ni nzuri kwa kutambaa, haichoshi macho, lakini ukitaka kuyasoma maji washa nyeupe.

Baadaye tulimwaga pumba za mpunga kule juu na kutega vipande vya chandarua kwenye sehemu mbili maji yanapotokea. Pumba zilitoka korongoni. Kwenye chemchemi iliyo chini ya mwembe hazikufika, ingawa ndiyo iliyo karibu zaidi. Hilo bado si ruhusa ya kusema chemchemi iko salama, maana pumba hunasa kwenye changarawe mahali ambapo maji yenyewe yanapita bila shida.

Ndiyo sababu wanaofuatilia mito ya chini ya ardhi hutumia rangi. Mwaka 1877 kule Ujerumani, mahali Mto Danube unapozama ardhini karibu na Immendingen, walimwaga kilo 10 za fluoresini, rangi inayoyafanya maji yang'ae kijani. Baada ya saa kama 60 maji ya chemchemi ya Aach, kilomita 12 hivi kutoka hapo, yakang'aa kijani. Danube inaelekea Bahari Nyeusi, Aach inaingia Rhine na kuishia Bahari ya Kaskazini, na bado maji yalikuwa mamoja! Kila nikiifikiria habari hii nasisimka. Ila sisi rangi hatujamwaga na hatutamwaga kienyeji, kwa sababu watu wanachota pale. Hilo ni la kukaa kwanza na serikali ya mtaa na watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria.

Nirudi kwenye kasoro. Ya kwanza ni maji. Boksi limeandikwa IPX4, maana yake inavumilia kurushiwa maji, kuzamishwa hapana. Kwa mvuvi anayevuta nyavu inatosha. Kwa mtu anayepita kwenye dimbwi linalofika kidevuni haitoshi: kiboksi cha betri kipo kisogoni, na kisogo ndicho kinachozama ukilala chali kupenya. Nimepaka grisi ya silikoni kwenye mpira wa kifuniko, ileile tunayoweka kwenye viungo vya mabomba, na tangu hapo ndani pamekuwa pakavu. Swichi nayo imekaa juu, jabali linaibonyeza lenyewe. Na ili uizime lazima upitie ule mwanga wa kumetameta, ambao ndani ya ufa unakupoteza mwelekeo. Waya unaotoka kwenye taa kwenda nyuma unanasa, nimeubana kwenye mkanda kwa selotepu nyeusi ya umeme.

Betri imeandikwa mAh 9,900, yaani kiasi cha umeme inachotunza. Si kweli, betri ya ukubwa ule haifiki hapo. Kwa daraja la chini, hata hivyo, haijawahi kuniishia tukiwa ndani.

Usiingie na hii peke yake. Wazoefu wa mapango hubeba taa tatu kila mtu, na mimi nabeba tatu. Septemba 1972 huko Kentucky, Marekani, watu sita walifuata mto wa chini ya ardhi kutoka mapango ya Flint Ridge, maji yakawafika kifuani, hadi walipomulika na kuona chuma cha kushikia watalii: wametokea ndani ya Mammoth Cave, pango jirani linalotembelewa na watalii. Mifumo miwili ikawa mmoja siku ile. Taa ikizima katikati ya maji ya namna ile, hakuna cha kugundua tena. Mawingu yakijikusanya ziwani sisi tunatoka, hatungoji tone la kwanza. Na pango lenye popo hatuingii kabisa. Ugonjwa wa Marburg ulipiga Kagera mwaka 2023 na tena 2025, na popo wanaokula matunda na kukaa mapangoni ndio wanaobeba virusi vyake.

Kwa bei ile naipendekeza, hasa kwa mafundi wenzangu na walimu wa jiografia wanaotaka kuwaonyesha vijana maji yanakopita. Dukani iwashe na uzungushe pete mwenyewe, maana nyingine hazitawanyi mwanga sawasawa, zinaacha duara jeusi katikati. Kisha mwombe muuzaji afungue kifuniko cha betri mbele yako, uone mpira upo. Ya pili niliyomnunulia kijana wangu, duka jingine, haikuwa nao.