Firigisi iko wapi? Uzoefu wangu na programu ya kupanga menyu ya Noeli, hapa Lubumbashi

Naanza na aibu yangu kwanza, mengine itafuata. Tarehe 25, saa saba ya muchana, baba mukubwa ameikala mu kiti yake chini ya muembe, nimemupelekea sahani miye mwenyewe, bukari (ugali) ya moto, sombe (majani ya muhogo), kuku vipande mbili. Akaangalia. Akageuza nyama na kidole. Akaangalia tena mu sosi kama kuko kitu ilizama. Kiisha akaniita karibu, akasema pole pole, sawa muntu mwenye hapendi bengine basikie: "Mama, hii kuku ilikuwa na firigisi, ao ilizaliwa bila?"

Nilipika kuku 9 ile siku na mu zote 9 hamukukuwa firigisi hata moja. Juu ya nini? Juu programu iliniandikia ku liste "kuku nzima, iliyosafishwa", na miye sawa mutoto ya masomo nikaenda kununua ya kongelatere, zile zenye kufika tumbo tupu. Mu famii yetu firigisi inaenda kwa baba mwenye nyumba ao kwa mukubwa kupita bote, na mwanamuke anaweza kupika muzuri miaka 20, siku moja asahau firigisi, ile siku njo batamukumbukia. Programu inakata kuku vipande 8, mapaja, miguu, mabawa, kifua, imeisha. Firigisi kwake haina hesabu.

Sasa nieleze yenyewe iko nini. Sitaitaja jina, sina bishindo na benye kuitengeneza, iko ya inje na iko mu Kifaransa na Kingereza. Mudogo yangu wa Kolwezi njo alinitumia mu mwezi wa 11. Unaiweka mu telefone, unachagua fete, unaandika bantu ngapi, bintu gani bantu habakule, saa gani unataka sahani ifike ku meza, na una makuta (pesa) ngapi. Kiisha inakupa menyu, liste ya soko, na orario yenye kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kula. Ya bure inakuachia fete moja tu, miye nililipa mwezi moja juu nilikuwa na Noeli na Bonane (mwaka mupya) zote kwangu, mu lupango (kiwanja ya famii) yetu ya Katuba, mwaka huu zamu ilikuwa yangu.

Menyu zenyewe, weee. Kuko Thanksgiving ya Marekani, ile ya alhamisi ya ine ya mwezi wa 11, kuko Hanuka, Diwali, mwaka mupya ya Bachina, Idi zote mbili, Noeli ya Ufaransa na chaza ya bahari yenye kulwa mbichi (ile wanaita wîtri, miye hapana). Yetu? Hakuna. 30 Juni, siku ya uhuru yetu, hakuna, na kama unaandika "Congo" inakuletea menyu ya Afrika ya mashariki na pilau. Niliandika sombe, ikaniletea mchicha. Niliandika bukari, ikaniletea polenta, na hapo nilicheka lakini haikukosea sana, polenta nayo iko unga ya mahindi na maji, paka Bataliano banaikoroga na siagi na formaji, nayo inaishia kulwa na uma.

Menyu ya kwanza yenye ilinipa ilikuwa ya bata muzinga. Ndege ya kilo 6. Sasa soma vile inasema: uiyeyushe mu frigo, siku moja nzima kwa kila kilo mbili na kitu, kiisha mu furu (oveni) mpaka ndani ifike digri 74. Siku tatu mu frigo! Frigo ya wapi hapa Katuba inafanya siku tatu bila kuran (umeme) kukatika, hata ile ya duka ya ku kona inalala na kuamka na bintu bimekuwa supu. Nikafuta. Inakuacha ufute, hiyo ni muzuri, unafuta na inapanga tena upya bila kukasirika, tofauti na bantu.

Sehemu yenye ilinishangaza ni ile ya "bintu bantu habakule". Mama mukwe yangu eko Muadventista, hakule nguruwe, hakule kambale, samaki yoyote yenye haina magamba haiingie mu nyungu yake. Natafuta mu programu: kuko mwenye hakule nyama, mwenye hakule ngano, halali ya Baislamu, kasheri ya Bayahudi. Ya Badventista hakuna. Halali inatosha kwa nguruwe lakini kambale inabakia. Nilikaa na hii shida jioni nzima, kiisha nikafikiri, hii sheria ya magamba mama mukwe anaisomaka wapi? Mambo ya Walawi, sura ya 11. Na Bayahudi banaisoma wapi? Pale pale! Nikabonyeza kasheri na nguruwe ikaenda, kambale ikaenda, hata kamba ya bahari ikaenda, safi. Shida moja, Bayahudi habachanganye nyama na maziwa, basi programu ikanitolea siagi, kremu, formaji, gratini yangu ya biazi yote ikapotea, na nilibidi niiandike tena na mukono sawa ni kitu ya wizi. Sikumuambia mama mukwe kama alikula Noeli ya Kiyahudi. Na musimuambie.

Shemeki yangu eko Mukimbanguista, wa kanisa ya Simon Kimbangu, yeye hakule nguruwe na hakunywe pombe, na Noeli yake iko tarehe 25 mwezi wa 5, ya mwezi wa 12 anakuyaka tu juu ya famii na nyama. Ile tarehe programu haina kabisa. Nilitengeneza "fete yangu mwenyewe" nikaiweka, itanikumbusha mu mwezi wa 5, tutaona.

Sasa niseme yenye nilipata ya faida ya kweli, juu bengine watasema ninalalamika paka. Nilikuwa nikitembea-tembea mu menyu za inje usiku kama muntu anaangalia madirisha ya maduka, na nikaona ya Poland: jioni ya tarehe 24 banapika sahani 12, na hakuna nyama hata moja, samaki, maharagi, kabichi, bowa (uyoga) ya kukausha. Nikajiambia, lakini hii si ni kwetu? Mu mwezi wa 12 mvua imenyesha, bamama beko pembeni ya barabara na bowa mu mabeseni, samaki ya Kasenga inafika, kapenta iko, bitoyo iko. Kila mwaka tunamaliza nyama yote tarehe 24 usiku na tarehe 25 tunagawa mifupa. Basi mwaka huu 24 ilikuwa samaki na bowa na sombe na kunde, nyama ikalala mpaka kesho. Hakuna mwenye alinung'unika, isipokuwa kaka yangu moja, na yeye ananung'unikaka hata ku harusi.

Na kuko kinywaji ya Jamaika! Banakinywa Noeli, ya rangi nyekundu, na maua ya kukausha na tangawizi na karafuu, unamwangia maji ya moto na inalala usiku moja. Nikaangalia picha vizuri: ni bisap! Ile ile yenye batoto banauzisha mu bisashe ku arê ya taksi. Kwetu tunatiaka sukari na vanila tu, na karafuu na tangawizi inakuwa kitu ingine, inakuwasha ku koo polepole. Nilifanya lita 15, yote iliisha mbele ya bia kuisha, na munkoyo ya mama mukubwa njo ilishindana nayo. Munkoyo programu haiijui, na iko bora, juu mama mukubwa hakubali muntu amuambie saa. Anapika uji ya mahindi tarehe 23 jioni, inapoa kidogo, anatia mizizi yake yenye kupondwa, na ile uji nzito inayeyuka yenyewe kabla ya kulala, inakuwa sawa maji ya maziwa. Tarehe 24 iko tamu ya batoto. Tarehe 25 inaanza kuuma ulimi. Tarehe 26 shemeki anaikataa.

Orario. Hapo njo nililipia na hapo sijutii. Inakuuliza uko na mioto ngapi. Nikaandika mbabula (jiko ya makaa) tatu na furu moja. Kiisha nikaiandikia sombe miye mwenyewe, kutwanga dakika 40, kuchemsha masaa mbili kabla ya mafuta ya ngazi, na ikaniambia bintu ine inataka moto saa moja ile ile na mioto haitoshe, basi ikahamisha maharagi tarehe 24 usiku na muchele ikaiweka mwisho. Hii kitu miye ninapika tangu niko msichana na kila mwaka saa ya mwisho ni kelele, huyu anasema toa nyungu yako, yule anasema makala (makaa) yangu. Mwaka huu kelele ilikuwa kidogo. Mama mukubwa alikaa ku mbabula ya kwanza na sombe yake na kila saa ananiuliza, "Telefone inasema nini sasa?" na ninamujibu, "Mama mukubwa, inasema mutie mafuta," na anasema, "Nilishatia zamani."

Liste ya soko nayo inakuambia nini ya kununua wiki tatu mbele. Makala, mafuta, sukari, unga. Nilinunua mufuko ya unga ya kilo 25 na makala mwanzo wa mwezi, na kwa mwenye anajua vile bei ya soko ya Kenya (mutaa ya hapa Lubumbashi, haiko inchi) inapandaka kama tarehe 20 imepita, hapo tu nilirudisha makuta yenye nililipa. Lakini jitayarishe juu inahesabu mu gramu, na soko inahesabu mu meka (chombo ya kupimia) na mafungu. Na kama unaiweka mu Kingereza utaona aunsi na digri za Fahrenheit, 350 yao ni karibu 175 yetu, usichome keki.

Keki tuiongelee. Tarehe 24 saa kumi, keki mu furu dakika 20, kuran ikaenda. Telefone yangu iko na 11 ku mia. Ninafungua programu niangalie kama inaweza kunipangia upya, inazunguka, inazunguka, kumbe bila konesyo haifunguki hata liste yenye ulishalipia. Hii njo mubaya yake kubwa kabisa na hapo nilitoa nyota nzima. Nikachukua kaye ya mutoto ya hesabu, mama ya nyumba ya pili akanipa telefone yake na mega kidogo, nikaandika orario yote na biki ku ukurasa wa nyuma, na kutoka pale ile kaye njo ilituongoza mpaka mwisho, imejaa mafuta mpaka lelo na mwalimu atauliza. Keki tuliimalizia ku mbabula, nyungu ndani ya nyungu na makala juu ya kifuniko, chini iliungua, katikati ilikuwa muzuri.

Hesabu ya bantu sasa. Niliandika 22. Benye kukula walikuwa 41, na sihesabu sahani zenye kufunikwa zenye zilienda Kamalondo, Rwashi, kwa nkambo mwenye hatembei. Programu inaita ile mabaki na inakupa mashauri ya kuipunguza. Hapana, ndugu, ile haiko mabaki. Muntu akirudi nyumbani mikono mitupu kutoka fete yangu, nitasikia mpaka Pasaka. Muchele inahesabu gramu 75 mukavu kwa muntu, nilimusomea mama mukubwa akacheka mpaka akashika ukuta. Asanti bukari, unga ilikuwepo, tulisonga tena mara mbili.

Shauri moja nililifuata na ninashukuru, ile ya kusema chakula isikae inje kupita masaa mbili. Salade ya mayonezi niliitoa mu bisahani bidogo bidogo, ingine inabakia mu glasiere na barafu, na mwaka huu hakuna mwenye alilala na tumbo. Mwaka wenye kupita sitaki kuongea.

Nyota 3 ku 5. Kama uko na bantu 6 na furu na kuran, labda kwako ni 5. Kama lupango yako iko sawa yangu, chukua ya bure, tumia orario na ile sehemu ya kuchuja bintu, menyu jipangie mwenyewe, na andika kila kitu ku karatasi mapema kabla telefone ikuache.

Ya Pasaka nilishaifungua. Bantu nimeandika 45. Kuku nitanunua za mugini, zenye kutembea, na pale kwenye wanakuachia uandike maneno yako nimeandika herufi kubwa: FIRIGISI YA BABA MUKUBWA, MBILI, MOJA YA DENI.