Vikao kumi vya tiba ya mwili, baada ya mimba kuharibika

Kilichonipeleka ni taya. Miezi minane baada ya mimba yangu kuharibika, nilikuwa nikiamka meno yameumana na shingo imekakamaa, na daktari wa meno ameshasema meno hayana kasoro. Ndipo nikajaribu tiba ya mwili, inayoshughulikia kiwewe kupitia hisia za mwilini badala ya masimulizi. Ushauri nasaha nilishapata. Nilisimulia mpaka habari ikawa inanitoka mdomoni kama ninasoma gazeti, macho makavu.

Kikao ni saa moja, nguo zote mwilini. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa ndilo nililoliogopa. Mtaalamu aliniketisha kitini, akaniambia nisikilize nyayo zinavyogusa sakafu, kisha akauliza: "Ukiikumbuka siku ile, panabana wapi kwanza?" Nilitaka kusema kifuani. Kumbe mkono ulikuwa umeshafika chini ya kitovu.

Kazi kubwa ni pumzi: kuitoa polepole, kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Alinieleza kuwa ukitoa pumzi, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi tumboni, huupunguzia moyo mwendo. Tukisogelea maumivu kidogo tu, tunarudi kwenye nyayo. Kikao cha nne magoti yalitetemeka, nikalia kwa sauti nisiyoijua kuwa ni yangu. Akauliza kama anishike mkono. Nikasema hapana, akabaki pale pale alipokaa.

Ile hapana ndiyo iliyonifanya nirudi. Kabla ya hapo nilikwenda kwingine, mama mmoja akaniwekea mikono tumboni bila kuuliza, akinihimiza "achilia, achilia". Niliganda. Usiku ule na uliofuata sikulala. Tumbo langu lilikuwa limeshikwashikwa vya kutosha na watu waliokuwa na haraka. Kwa hiyo dada, ukimpigia mtaalamu simu, swali la kwanza liwe: utaniomba ruhusa kila mara kabla ya kunigusa?

Sikupenda tangazo la kituo cha mtaalamu wangu kudai kwamba tiba hii huponya kila kiwewe. Nimewaambia waliondoe. Ushahidi upo, ila una mipaka. Mwaka 2014 Bessel van der Kolk, daktari wa akili anayechunguza kiwewe, na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 64 wenye ugonjwa sugu wa mfadhaiko baada ya kiwewe (PTSD). Baada ya wiki 10 za yoga, 16 kati ya 31 hawakutimiza tena vigezo vya ugonjwa huo, na katika kundi lililopewa elimu ya afya walikuwa 6 kati ya 29. Inatia moyo, lakini ni watu wachache, na yoga si hiki nilichofanyiwa mimi. Aliye na mawazo ya kujiua aanze hospitali, asianzie hapa.

Pia kikao cha mwisho kilikatishwa saa ilipogonga, nikatoka machozi hayajakauka. Hata dakika tano za kutulia zingenitosha.

Taya bado hukaza usiku mmoja mmoja. Siku hizi naisikia inapoanza, nayo mikono naikuta imeshatulia juu ya tumbo. Nimeomba vikao vitatu zaidi.