Vesti ya springi kwa kamera: inafaa kazi za Dodoma, lakini si kama inavyotoka kwenye boksi

Kwa wenye haraka nianze na jibu. Vesti yenye mkono wa springi, yaani vazi la kifuani lenye mkono wa chuma unaokubebea kamera, inalipa kwa anayepiga sherehe na matangazo hapa Dodoma, ila usiingie nayo kazini siku ile ile uliyoipokea. Yangu ni ya Kichina, haina jina la maana, vesti ya kifuani na mkono wa vipande viwili, nimeagiza kupitia Kariakoo. Ukijumlisha na usafiri, bei inakaribia ya gimbali, kile kishikio chenye mota kinachotuliza kamera. Naitumia na gimbali ya DJI RS 3 Pro, kamera ya Sony FX3 na lenzi ya 24-70.

Watu wanasoma boksi la gimbali, wanaona inabeba kilo 4.5, wanafurahi. Hizo kilo ni za mota, mgongo wako haumo. FX3 ikiwa na betri ina kama gramu 715, hiyo lenzi ya 24-70, ya GM toleo la pili, ni 695, gimbali nayo ni karibu kilo moja na nusu. Tayari unakaribia kilo 3, na bado hujafunga monita wala kile kifaa cha kurusha picha kwenye skrini ya ukumbi. Haya, zishike mbele ya kifua tangu bibi harusi mtarajiwa anaingia mpaka ndugu wa Mpwapwa na wa Kongwa wote wamalize kutoa zawadi. Anayezijua sendofu za huku anajua zawadi hazina haraka.

Kuna na jambo ambalo wauzaji huwa wanalikalia kimya. Mota tatu za gimbali zinatuliza kamera inapogeuka, inapoinama na inapolala upande. Ule mruko wa juu na chini unapotembea haziugusi, ndiyo maana video nyingi za maharusi wakiingia ukumbini zinacheza kana kwamba aliyepiga alikuwa juu ya punda. Mkono wa springi ndio unaoumeza mruko huo. Kanuni ni ile ile ya Mmarekani Garrett Brown, aliyebuni Steadicam miaka ya 1970: springi zinabeba uzito, vesti inaushusha kwenye nyonga, mikono yako inabaki na kazi ya kuongoza tu.

Hapo kwenye nyonga ndipo vesti za bei ya chini zinapotusumbua wanawake. Mimi kazi zangu nyingi ni kicheni pati, kwa sababu kule mpiga picha wa kiume mara nyingi haruhusiwi, kwa hiyo hili nimelishughulikia mpaka mwisho. Bamba la kifuani limekatwa kwa kipimo cha mwanaume mrefu. Likikaa sawa juu, mkanda wa chini unaangukia tumboni na mzigo wote unaning'inia mabegani. Fundi viatu wa Majengo aliukata mkanda wangu akashona velkro pana, na ndipo vesti ikawa ya kuvalika. Ukitaka kuipima, beba mzigo kamili kisha mwambie mtu apitishe kiganja kati ya bega lako na mkanda wa bega. Kikipita bila kusukumwa, sawa. Kisipopita, usiku huo utaulizia dawa ya mgongo.

Sasa kilichonikera. Mbele ya vesti kuna kitako cha chuma unapochomekwa mkono, na kina bolti mbili za kurekebisha pembe. Moja inaulaza mkono mbele au nyuma, nyingine kushoto au kulia. Ukizipatia, unaachia kamera na inabaki pale pale ulipoiacha, unaweza hata kufuta jasho. Zikiwa zimepinda kidogo tu, kamera inaondoka polepole kuelekea meza kuu na wewe unaivuta kwa misuli saa nzima, kiuno kinawaka na hujui kwa nini. Bolti zilizokuja na yangu zilikuwa za chuma laini. Haikuchukua muda meno yakaanza kulika, moja ikawa inazunguka bila kushika. Hilo si la kufumbia macho: bolti hiyo ikiachia, kamera, gimbali na mkono vinashuka pamoja, na kwenye sherehe zetu mbele ya kamera daima kuna mtoto anayecheza. Fundi wa kukereza chuma alinitengenezea mbili za chuma kigumu, bei yake haifiki hata ya betri moja ya kamera. Kabla ya kila kazi nazikagua kwa spana, si kwa jicho.

Na tukiwa hapo hapo kwenye springi: usitoe gimbali kwenye mkono wakati springi zimekazwa na mkono uko usawa wa kifua. Ukiondoa uzito ghafla, mkono unaruka juu, na kilicho juu yake ni kidevu chako. Acha kwanza mkono upande taratibu hadi mwisho wake, ndipo utoe mzigo. Stendi ya kupumzishia haikuwemo kwenye boksi. Natumia stendi nzito ya taa, miguuni naweka mifuko ya turubai iliyojazwa mchanga. Mchanga Dodoma haununuliwi.

Kuivua haraka ndiko kunakoipunguzia vesti hii alama nyingi. Zile za bei kubwa zina lachi moja, ukiivuta vesti yote inafunguka. Yangu ina vifungo vinne vya plastiki, na viwili viko mgongoni. Kwa hiyo majini siendi nayo. Mteja mmoja alitaka nitembee kwenye ukingo wa bwawa la Hombolo nikifuata mtumbwi. Nilimwambia shoti hiyo tunapiga kwa tripodi, na ikapigwa kwa tripodi. Msafara wa harusi nao ni hivyo hivyo. Matarumbeta wako juu ya pikapu, watu wanazunguka Nyerere Square, na kuna kamati itakayokuambia panda nyuma ya gari uchukue vizuri. Kusimama kwenye gari linalotembea ukiwa umevaa vyuma kifuani, dereva akikanyaga breki unatangulia na mzigo wako. Napiga nikiwa nimekaa, mkanda umefungwa, kamera mkononi. Ikitingishika kidogo, MC wao atasema ni shangwe.

Upepo wa Dodoma pia usiuchukulie poa. Katikati ya mwaka, ukitoka nje pale Chinangali au kwenye viwanja vya Mtumba ambako hakuna cha kuuzuia, monita na kikinga mwanga cha mbele ya lenzi vinashika upepo, mota zinaanza kutetemeka, na mkono unakuzungusha na wewe. Kikinga mwanga nakivua, naupa upepo mgongo, na kijana wangu anasimama na kitambaa kizito upande unaovuma. Vumbi linaingia kwenye maungio ya mkono. Nalitoa kwa brashi kavu. Mafuta sipaki, yanaligeuza kuwa tope.

Huyo kijana ndiye kifaa cha usalama ambacho hakiuzwi na vesti. Ukitembea kinyumenyume mbele ya maharusi macho yako yako kwenye monita. Mkono wake unakaa kwenye mkanda wa mgongoni: akigandamiza, nasimama, akivuta, narudi. Maneno ni machache, "dada, ngazi", "dada, waya", hasa pale karibu na spika za MC ambako waya zimelala kila upande na hakuna aliyezibandika chini. Kuna siku mama wa bibi harusi aliniuliza, "Mwanangu, huyu anakushikashika wa nini?" Nikamwambia, mama, bila yeye ningeshakaa kwenye keki.

Kwa anayepiga mahojiano ofisini, aliyeketi na aliyetulia, pesa hii aipeleke kwenye lenzi. Kwa sherehe, ngoma, na matangazo ya mashamba ya zabibu ambako unatembea katikati ya mistari mirefu, naipa saba kwa kumi, ikiwa na bolti mpya na mkanda ulioshonwa upya. Kama ilivyotoka kiwandani ni nne. Ukienda kuinunua, beba kamera yako na vikorombwezo vyote, ivae hapo hapo dukani, tembea, kisha mwambie muuzaji mwenyewe akufungue huku ukihesabu kwa sauti.

Yangu naikodisha, kwa siku au kwa sherehe, inatoka pamoja na kijana na posho yake. Anayeitaka vesti peke yake simpi.