Hauz Khas Village, Delhi: fuata hodhi, baa ziache mwisho

Hauz Khas Village ni kijiji cha kale kilichomezwa na jiji la Delhi, India. Hauz ni neno lile lile ambalo kwetu ni hodhi, na khas ni ndugu wa hasa na mahsusi. Msomaji wa Kiswahili anafika pale akiwa ameshalielewa jina: hodhi mahsusi, hodhi la mfalme. Vijana wengi wanaofurika hapo Ijumaa usiku hawana habari na hodhi, na hapo ndipo ulipo upungufu wa mahali hapa. Kinachouzwa kwa kelele zaidi, yaani bia na muziki, ndicho hafifu zaidi. Kilicho bora kimejificha mwisho wa barabara, nyuma ya ukuta.

Hodhi lilichimbwa kwa amri ya Sultani Alauddin Khalji, aliyetawala 1296 hadi 1316, ili kuupatia maji mji wake mpya wa Siri. Lilikuwa na ukubwa wa takriban mita 600 kwa 700, kina mita 4. Mvua za Julai hadi Septemba zililijaza, na mji ukayanywa maji hayo miezi iliyobaki. Haikupita nusu karne likawa limejaa udongo. Sultani wa baadaye, Firoz Shah Tughlaq, akalizibua, na mwaka 1352 akajenga madrasa kubwa kwenye kingo zake mbili. Alipofariki mwaka 1388 alizikwa papo hapo, pembeni ambapo mikono miwili ya madrasa inakutana. Miaka kumi baadaye Timur, mtekaji wa nchi kutoka Asia ya Kati, akiwa ameivunja Delhi, alipiga kambi kando ya maji hayo hayo.

Magofu hayakubaki ukiwa. Wakulima wa jamii ya Jat walijenga nyumba zao ubavuni mwake, nyati wamefungwa uani, mashamba pande zote. Ukitaka kuelewa kwa nini leo kuna ghorofa tano zisizo na lifti pale palipokuwa na zizi, sharti uujue uzi mwekundu. Hiyo ndiyo maana ya lal dora kwa Kihindi: mstari ambao maofisa wa ardhi wa serikali ya Waingereza waliuchora kwenye ramani mwaka 1908 kutenga makazi na mashamba. Baada ya uhuru mji ulitaka nafasi. Serikali ikatwaa mashamba, ikalipa fidia, na juu yake zikaota Green Park, Safdarjung Enclave na mitaa mingine ya wenye nazo. Nyumba zilizokuwa ndani ya uzi waliachiwa wenyewe, na mwaka 1963 zikasamehewa hata kanuni za ujenzi za manispaa. Mkulima akajikuta hana shamba, ila ana kiwanja ambacho hakiombewi kibali. Angefanya nini? Akapandisha ghorofa, akapangisha.

Wapangaji wa kifahari walianza kuja miaka ya 1980, mbunifu wa mavazi Bina Ramani akiwa wa mwanzo kufungua duka, nyati bado wakipita mlangoni. Yakafuata majumba ya sanaa, kisha mikahawa, kisha baa, kila wimbi likilifukuza lililotangulia kwa kodi ya pango. Delhi ina vijiji zaidi ya 100 vilivyomezwa namna hii. Hiki ndicho kilichotafunwa hadharani kuliko vyote.

Basi tuanze na magofu: nyota tano kwa tano. Shuka metro kituo cha Green Park, chukua bajaji, na usisitize mita ya nauli. Tangu 2023 huanza na rupia 30 kwa kilomita 1.5 za mwanzo. Tiketi ya mgeni ni rupia 300 taslimu au 250 ukilipia mtandaoni, na mtoto wa chini ya miaka 15 haulizwi. Bei ya rupia 25 utakayoiona ubaoni ni ya Wahindi na raia wa nchi jirani, pasipoti ya Kenya au Tanzania haikuingizi humo. Geti hufungwa jua linapozama, kwa hiyo anayekuja "kwanza tule, kisha tuone" mara nyingi haoni kitu.

Ukiingia utadhani madrasa ni ya ghorofa moja. Shuka ngazi hadi upande wa maji, kisha geuka: ni ghorofa mbili, maana mjenzi aliiegemeza kwenye ukingo wa hodhi. Vile vyumba vidogo vyenye giza ndivyo walivyolala wanafunzi, na ukutani mna matundu ya kuwekea vitu ambayo mtu wa Lamu atayaita zidaka bila kufundishwa. Mlango wa kaburi la Firoz Shah uko kusini, mbele yake ua wenye wigo wa mawe yaliyopangwa kama mbao. Juu ya mlango huo kuna maandishi ya ukarabati wa Sultani Sikandar Lodi, wa mwaka 1507 au 1508. Mawe meusi unayoyaona yasikudanganye, kwani zamani kuta zilivikwa lipu ya chokaa na rangi. Vaa viatu bapa. Ngazi zimelika, kingo nyingi za juu hazina kizuizi, na mtoto ashikwe mkono muda wote.

Maji yenyewe nayapa nyota mbili. Hodhi la leo ni kipande tu cha lile la kale. Mitaa mipya ilikata vijito vilivyolilisha, likakauka kabisa, na miaka ya 2000 likafufuliwa kwa maji taka yaliyosafishwa kwenye mtambo wa Vasant Kunj. Usafishaji wa aina hiyo huondoa uchafu lakini huacha naitrojeni na fosforasi, na hivyo ndivyo vyakula vya mwani. Maji yakiwa hayatembei, joto la Aprili hadi Juni huyafanya mazito, ya kijani, yenye harufu. Anayeuza meza ya "mandhari ya ziwa" mwezi wa Mei anauza harufu pia. Novemba hadi Januari harufu hupungua, ila ukungu wa moshi wa Delhi unaweza kukunyima kuona hata ng'ambo. Februari na Machi ndiyo miezi ya kuchagua.

Mikahawa sasa. Mingi iko juu, na kwa sababu jengo lilipanda bila ramani iliyokaguliwa, mara nyingi ngazi ni moja, nyembamba kiasi cha watu wawili kupishana kwa ubavu, mita za umeme zikiwa chini ya ngazi hiyo hiyo. Moto ukianzia hapo, njia ya kutokea ndiyo iliyoziba. Mwaka 2013 mamlaka zilifunga migahawa mingi kwa mpigo kwa sababu ya vibali na maji machafu. Ikafunguliwa, lakini ngazi hazikupanuka. Ushauri wetu: kaa ghorofa ya chini au ya kwanza, au panda usiku wa katikati ya wiki wakati hakuna msongamano. Naivedyam, mgahawa wa siku nyingi wa vyakula vya Kusini mwa India, hauna nyama wala pombe, na dosa yake, chapati nyembamba ya mchele na dengu, ni sababu tosha ya kuja. Wenye baa wanatakiwa kisheria wasimuuzie pombe aliye chini ya miaka 25, kwa hiyo beba kitambulisho. Wanaume walio peke yao hukataliwa mlangoni wikendi, na hakuna wa kumlalamikia.

Kwenye bili, kodi ya chakula ni asilimia 5. Ukikuta chini yake ada ya huduma, hiyo si lazima. Mwambie mhudumu kwa upole aiondoe. Wenyeji hulipa kila kitu kwa simu kupitia UPI, ndugu wa M-Pesa. Asiye na akaunti ya India abebe noti ndogo ndogo, la sivyo chenji itageuka kuwa mjadala.

Maduka ya mabango ya zamani ya sinema yanavutia, ila chunguza. Bango la kale la kawaida ni inchi 30 kwa 40, karatasi nyepesi isiyong'aa, na lina alama za mkunjo kwa sababu lilitumwa kwenye majumba ya sinema likiwa limekunjwa. Lililonyooka kabisa na kung'aa ni nakala. Si vibaya kununua nakala, mradi usilipe bei ya urithi.

Ambaye Hauz Khas imemchosha aende Shahpur Jat, mashariki kidogo, ndani ya eneo la mji ule ule wa Siri ulionyweshwa na hodhi. Chini ni maduka ya nguo za harusi. Juu, mafundi wa nakshi wamekaa kuzunguka fremu ya mbao iitwayo adda, kila mmoja akidarizi upande wake. Agiza mapema, maana gauni la zari huchukua wiki kadhaa, na fundi akikuahidi siku tano ujue nyuzi zitakuwa chache na gundi nyingi. Kuna uchochoro unaoitwa Dada Jungi House. Dada wa huko si dada yetu, ni babu mzaa baba. Kwa kijiji kama kijiji, hapa pana uhai kuliko Hauz Khas.

Kuna na cha tatu, ambacho Waafrika wengi wanakijua bila kujua kuwa ni kijiji. Wagonjwa wanaokwenda hospitali za Saket hupanga vyumba Hauz Rani na Khirki, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye majumba makubwa ya biashara. Khirki ni dirisha, na jina limetoka kwenye msikiti wa karne ya 14 uliojengwa na Khan-i-Jahan Junan Shah, waziri wa Firoz Shah. Umefunikwa karibu wote: mafungu tisa ya kuba, kila fungu kuba tisa, na nyua nne za kuingiza mwanga. Hausaliwi, lakini hutembelewa. Mtaa wa pembeni, Khirki Extension, una historia chungu pia. Januari 2014 waziri mmoja wa serikali ya Delhi aliongoza kundi la watu usiku dhidi ya wanawake wa Kiafrika, Waganda wakiwemo, na kesi ikafika mahakamani. Waafrika bado wanaishi pale.

Kwa anayepanga chumba huko: mwenye nyumba anatakiwa kukusajili kwa mamlaka ya wageni ndani ya saa 24, kwa fomu iliyojulikana kwa miaka mingi kama fomu C, na tangu 2025 kama fomu III. Omba nakala kabla ya kulipa, kwa sababu utaihitaji ukitaka kuongezewa muda wa viza ya matibabu. Akikuambia haina haja, tafuta nyumba nyingine.