Bima ya maisha bila kupimwa afya: miezi 14 tangu niikate

Siku niliyopimwa kwa ajili ya bima ya maisha, mashine ya presha ilisoma 168 kwa 104. Muuguzi akanipumzisha dakika 10, akarudia, ikasoma 162 kwa 100. Dawa nilikuwa natumia, ila usiku huo sikuwa nimelala, na mimi nikikaa mbele ya mtu mwenye koti jeupe moyo hunienda mbio hata kama siumwi kitu. Wiki 5 baadaye barua ikaja: ombi langu limeahirishwa kwa miezi 6, nirudi presha ikishatulia.

Sikuwa tayari kukaa miezi 6 bila bima. Nina miaka 47, watoto 3 ambao wote bado wanasoma, na mkopo wa nyumba ambao mke wangu peke yake hawezi kuubeba. Zaidi ya hayo, mwaka mmoja kabla nilikuwa nimemzika shemeji yangu, mume wa dada, na niliona kwa macho yangu mjane anavyosoma mkataba wa bima kwa mara ya kwanza akiwa tayari amevaa nguo za msiba. Ndipo nikaanza kutafuta bima isiyodai kipimo.

Nilichojifunza mapema ni kwamba kampuni ya bima haiachi kutaka kujua afya yako. Ikiacha kukuchukua damu na mkojo, itakuuliza maswali. Ikiacha kukuuliza, itakuwekea kipindi cha kungoja. Na ukijibu uongo, itakuja kukuchunguza ukiwa umeshazikwa, siku familia yako inapopeleka dai. Kipimo kipo tu, kinachobadilika ni mahali kilipowekwa. Nilichagua bima yangu kwa kuuliza swali hilo moja kwa kila kampuni: nyinyi mnanipima wapi?

Ya kwanza niliyoitazama ni ile inayopokea kila mtu. Hakuna kipimo, hakuna swali la ugonjwa, unataja umri na jinsia na jina la mnufaika, umemaliza. Kwa mtu ambaye ametoka kuahirishwa, ni kama mlango umefunguliwa. Lakini ndiyo bima aliyokuwa nayo shemeji. Alikuwa na ugonjwa wa figo, kampuni nyingine zilimkataa, hii ikampokea kwa siku 1. Alifariki mwezi wa 15. Dada alipopeleka cheti cha kifo akaambiwa mkataba una kipindi cha kungoja cha miezi 24, na kwa kifo cha ugonjwa ndani ya kipindi hicho mnufaika anarudishiwa ada zote zilizolipwa pamoja na asilimia 10 juu yake. Angekufa kwa ajali angelipwa fidia kamili. Hakutapeliwa, maneno hayo yalikuwepo kwenye ukurasa wa 4. Ila dada aliniambia, "Mdogo wangu, yeye alijua nini, mimi sijui. Mimi aliniambia tu kwamba tuna bima."

Nikilitazama kwa utulivu naelewa kwa nini kipindi hicho kipo. Kampuni isiyouliza lolote itakimbiliwa kwanza na wagonjwa, na bila kungoja mtu angeweza kukata bima akiwa kitandani hospitalini. Kwa sababu hiyohiyo ada yake ni kubwa na fidia yake ni ndogo. Nilipiga hesabu ya ofa niliyopewa mimi: nikiishi zaidi ya miaka 13, nitakuwa nimelipa ada nyingi kuliko kiasi watakachopewa wanangu. Kwa mtu mwenye ugonjwa mzito, ambaye milango mingine imefungwa na anataka tu gharama za mazishi zisiwaangukie watoto, bado naiona ina maana. Kwangu mimi mwenye presha inayodhibitika ingekuwa kununua koti la baridi kali wakati ninahitaji mwavuli.

Kuna ile ambayo programu ya kompyuta inakuamulia. Unajaza taarifa kwenye simu, nayo inapitia kumbukumbu inazoruhusiwa kuziona, kama vile dawa ulizowahi kuandikiwa, kisha inajibu papo hapo au inakutuma ukapimwe. Mimi ilinituma nikapimwe. Nadhani inawafaa vijana wenye afya njema, na kwao bei yake inakaribia sana ile ya bima ya kipimo.

Bima ya kundi kazini nayo haidai kipimo, angalau hadi kiwango fulani cha fidia, kwa kuwa hatari inagawanywa kwa wafanyakazi wote. Ndiyo rahisi kuliko zote na kama mwajiri anaitoa, ichukue. Mimi niliwahi kuwa nayo. Nilipohama kazi ilikatika, na miezi mingi baadaye ndipo nikaona kwenye makaratasi kwamba nilikuwa na siku 31 za kuigeuza iwe bima yangu binafsi bila kuulizwa afya. Siku hizo zilipita nikiwa nafurahia kazi mpya. Kwa yeyote anayehama kazi sasa hivi: tafuta hilo karatasi leo.

Nikabaki na bima ya dodoso, yaani fomu ya maswali ya afya, na ndiyo niliyoichukua. Ni ya muda maalumu, miaka 15, fidia ni sawa na mshahara wangu wa miaka 5 na inalipwa kamili tangu siku ya kwanza. Hapa unapimwa kwa maswali. Dodoso langu lilikuwa na maswali 17, na kuna matano ya mwanzo ambayo ukijibu ndiyo hata kwa moja, ombi linaishia hapo: saratani, ugonjwa wa moyo, kiharusi, figo, kulazwa ndani ya miezi 12. Yanayofuata yanapandisha bei tu. Presha, sukari, sigara, kimo na uzito, dawa unazotumia na kipimo chake, wazazi walikufa kwa nini na wakiwa na umri gani.

Lilikuwepo swali ambalo sikulitarajia: je, umewahi kukataliwa, kuahirishwa au kuongezewa ada na kampuni yoyote ya bima? Kumbe ile barua ya miezi 6 ilikuwa imenifuata. Ningejua hilo zamani, nisingewasilisha ombi rasmi bila kwanza kumwomba dalali wa bima aziulize kampuni kadhaa, bila kutaja jina langu, kwamba mtu wa umri huu mwenye presha ya kiwango hiki mtamtoza kiasi gani. Swali la namna hiyo haliachi alama kwenye historia yako. Ombi lililokataliwa linaacha.

Wakala aliyekuwa ananisaidia kujaza alikuwa kijana mchangamfu, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Tulipofika kwenye presha akaniambia, "Kaka, hapa weka hapana tu. Unatumia dawa, imetulia, kwa hiyo huna presha. Hawapimi hawa." Nilimwambia aandike ndiyo, na aandike jina la dawa, na aandike kwamba niliahirishwa. Akaandika, au nilidhani ameandika.

Sheria ya bima katika nchi nyingi imejengwa juu ya nia njema kabisa: anayekata bima anajua mambo ambayo kampuni haiyajui, basi ayaseme. Jaji Mansfield wa Uingereza aliliweka wazi jambo hilo mwaka 1766 katika kesi ya bima ya ngome, si ya maisha hata kidogo, na hadi leo ndilo linalomwamulia mjane. Nchi nyingine zimelilegeza, zinakudai tu ujibu kwa uaminifu yale uliyoulizwa. Hata hivyo, mikataba mingi huipa kampuni miaka 2 ya mwanzo kuchunguza majibu yako endapo utakufa, na majibu ya uongo yanaweza kuifanya irudishe ada na kuufuta mkataba. Kwa udanganyifu wa makusudi, baadhi ya sheria haziweki kikomo chochote cha miaka. Bima isiyopima ndiyo inayolitegemea dodoso zaidi kuliko nyingine zote, kwa kuwa haina kitu kingine mkononi.

Uamuzi ulikuja baada ya siku 2, kwa simu. Mwanamke mwenye sauti ya upole alirudia baadhi ya maswali na kuniomba ruhusa ya kuitazama kumbukumbu yangu ya matibabu. Nilimpa. Wengi huudhika hapo wakisema waliahidiwa bila kupimwa, lakini ruhusa ya kusoma faili lako haina sindano, na mimi ilinipa amani: wakisoma sasa, hawatashangaa baadaye.

Mkataba ulipofika nilikuwa na siku 30 za kuusoma na kuurudisha nikitaka, na fedha zangu zote zingerudi. Muda huu upo kwenye mikataba mingi ya maisha, hutofautiana kati ya siku 10 na 30 hivi, na watu hawautumii. Mimi nilikaa mezani na mke wangu Jumamosi nzima. Nyuma ya mkataba ilikuwa imebanwa nakala ya dodoso langu. Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Swali la 9, umewahi kuambiwa na daktari kuwa una shinikizo la damu: HAPANA. Swali la 14, la kuahirishwa: HAPANA. Sahihi yangu ipo chini.

Mikono ilinitetemeka, sioni aibu kusema. Ningekufa mwaka huo, hiyo karatasi ndiyo ingesomwa mbele ya mke wangu, naye asingekuwa na la kujibu kwa sababu mwenye kujua ukweli angekuwa kaburini. Kampuni ilikuwa imenipokea na kunipangia bei ya mtu ambaye si mimi, na inaelekea ile ruhusa ya kusoma faili hakuna aliyekuwa ameitumia bado.

Siku hiyohiyo niliandika barua. Niliwaambia majibu mawili si yangu, nikaambatisha karatasi ya daktari na nakala ya barua ya kuahirishwa, nikaomba wapange upya. Nilijua wanaweza kunikataa. Ilichukua siku 11. Walinibakiza, wakapandisha ada kwa takribani robo, wakanipa waraka wa marekebisho wenye muhuri unaosema majibu sahihi sasa ni sehemu ya mkataba. Ukiniuliza leo ni karatasi gani ya thamani nyumbani kwetu, ni huo waraka wa ukurasa 1. Wakala nilimpigia mwenyewe. Alisema alitaka kunisaidia. Nilimuuliza uongo ule ungemsaidia nani, na sijui kama alinielewa.

Kwa hiyo, huduma yenyewe. Wepesi ni wa kweli: dakika 25 za maswali na siku 2 za kungoja, ukilinganisha na wiki 5 nilizozikaa mwanzo. Watu wa kampuni walipokea marekebisho yangu bila kunifanya nijione mhalifu, nami nawashukuru. Bei ni nzito. Baada ya nyongeza nalipa karibu mara mbili ya kile ambacho mtu wa umri wangu, asiyevuta sigara na mwenye afya njema, angelipa baada ya kupimwa. Kama wewe ni mzima na huogopi sindano, nenda kapimwe. Nusu saa ya muuguzi inaweza kukupunguzia ada ya miaka 15, na majibu yako yatakuwa na maabara ya kuyatetea.

Sikupenda pia kwamba hakuna aliyenishauri kuhusu wanufaika. Nilikuwa nimeandika majina ya watoto wote 3, wa mwisho ana miaka 6. Kampuni kwa kawaida haimkabidhi mtoto fedha mkononi, na bila msimamizi aliyetajwa zinaweza kukwama mahakamani wakati ada ya shule inadaiwa. Nilibadilisha nikaandika mke wangu kwanza, na dada kama msimamizi wa sehemu ya watoto iwapo sisi wawili hatupo.

Mwezi wa 8 malipo ya benki yaligoma na sikugundua kwa siku 19. Mkataba unatoa siku 30 za msamaha kabla bima haijafa, nikalipa ndani yake. Tangu hapo nimeweka ukumbusho siku 3 kabla, kwa sababu kuifufua bima iliyokufa kunaweza kumaanisha dodoso upya, kwa afya uliyonayo siku hiyo.

Bahasha ya mkataba iko kwenye kabati letu, na mke wangu ameisoma yote, pamoja na ukurasa wa mambo yasiyofidiwa. Dada naye alikuja akaomba aisome. Alianzia ukurasa wa 4.

Presha yangu sasa inasoma 132 kwa 84 asubuhi nyingi, naandika kwenye daftari. Mwakani nitaomba tena bima ya kipimo, kwa kupitia dalali na bila jina kwanza. Wakinipa bei nzuri nitahamia, ila hii niliyonayo sitaiacha hata siku moja kabla mkataba mpya haujaanza kufanya kazi na nakala ya dodoso lake kuwa mezani, imesomwa na sisi wawili.