Grand Comics Database: pitia hapa kabla hujalipia komiki adimu

Nakusanya komiki za mashujaa zisizotoka Marvel wala DC, hasa zile za vikampuni vidogo vya Marekani na Uingereza vilivyofunga milango zamani. Kwa mtu wa Nairobi, nakala inayotafutwa kwa kawaida imelala ndani ya boksi la mtu Ohio au Leeds, na gharama ya posta hupita bei ya komiki yenyewe. Huwezi kuifungua na kuipekua kabla ya kulipa. Ndiyo maana natumia sana Grand Comics Database, inayopatikana comics.org.

Ni hifadhidata ya bure iliyoanza 1994, na wanaoijaza ni watu wa kujitolea. Haiuzi kitu, na zaidi ya jalada hutapata kurasa za kusoma. Inachokupa ni maelezo: toleo lilitoka lini, lina kurasa ngapi, liliuzwa shilingi au dola ngapi lilipokuwa jipya, na kwa kila hadithi iliyomo ndani, nani aliandika, nani alichora kwa penseli, nani alitia wino, nani rangi, nani aliandika maneno ya kwenye viputo. Majina hayo ya wasanii ndiyo yaliyonifanya nibaki. Wauzaji hupenda kutaja jina la aliyechora jalada, nawe unadhani amechora komiki nzima. Unafungua kitabu, ndani kuna mkono wa mtu mwingine kabisa.

Chukua Justice Machine ya Mike Gustovich. Ilianzia Noble Comics mwaka 1981, jalada la kwanza likiwa na mkono wa John Byrne. Baadaye ikahamia Texas Comics, ikaenda Comico, kisha Innovation. Kuhama huko kulizaa zaidi ya "Justice Machine namba 1" moja, na matangazo ya kuuza aghalabu hayasemi ni ipi. Kwenye hifadhidata hii kila mfululizo umewekwa peke yake, kwa jina la mchapishaji na mwaka ulipoanza, kwa hiyo ubishi unaisha hapo hapo. Toleo la Texas Comics, lile la Annual (toleo maalumu la mwaka), lina jambo jingine: humo ndimo Elementals, kundi la mashujaa wa Bill Willingham, walipoonekana mara ya kwanza, kabla Comico hawajawapa komiki yao. Mtu anayesaka kazi za mwanzo za Willingham angelipita bila kugeuza shingo, maana jina la juu si lake.

Kumfuata msanii ndiko kutamu zaidi. Andika Erik Larsen, rudi nyuma kupita kampuni ya Image ya 1992, utafika Graphic Fantasy ya 1982, ambako shujaa wake Dragon alitokea miaka kumi kabla dunia haijamjua. Utapita pia Megaton ya Gary Carlson, kijikomiki kilichobeba vijana wengi waliokuja kuwa majina makubwa.

Mimi lakini nilikuwa na hamu na Powerman. Hii ilitengenezwa Uingereza katikati ya miaka ya 70 kwa ajili ya soko la Nigeria, ikiwa na shujaa Mwafrika, na wachoraji wake wawili walikuwa vijana wakipokezana: Brian Bolland na Dave Gibbons. Ndiyo, Gibbons yule aliyechora komiki maarufu ya Watchmen. Kila picha ilipewa namba ili msomaji ajue aanzie wapi, kwa kuwa walioagiza kazi waliona msomaji wa Nigeria hataweza kufuata mwenyewe. Haya! Mwaka 1988 hadithi hizo zilichapishwa tena kwa jina la Power Comics, na shujaa akabatizwa Powerbolt, kwani Marvel tayari walikuwa na Power Man wao. Muuzaji mmoja alinitangazia "komiki ya Nigeria ya miaka ya 70" kwa bei ya kutoa jasho. Nikamwomba picha ya yale maandishi madogo yenye jina la mchapishaji na mwaka. Ilikuwa ya 1988. Bado naipenda, lakini si kwa hela ile.

Sasa kasoro. Sura ya tovuti ni ya kizamani na kutafuta kwa kina kunataka uvumilivu. Mwanzoni utaletewa matokeo mengi yasiyohusika. Faida yake ni kwamba kurasa ni nyepesi, hazili bando. Bei za soko hakuna, kwa hiyo anayetaka kujua komiki yake ina thamani gani leo atafute kwingine. Alama ya kuuliza baada ya jina la msanii maana yake wanakisia, na kwenye komiki za watu waliojichapishia utaiona mara nyingi. Mimi naiheshimu alama hiyo kuliko tovuti zinazotaja majina kwa ujasiri bila kuonyesha wameyatoa wapi.

Kasoro inayoniuma ni Afrika. Toleo huingia pale tu mtu aliye nalo mkononi anapokaa na kulijaza, na wenye nakala wengi wako Marekani na Ulaya. Kwezi ya Loyiso Mkize, iliyoanza Afrika Kusini 2014, au hata Shujaaz yetu iliyogawiwa bure na gazeti kuanzia 2010 (hao hawana nguvu za ajabu, lakini jina wanalo), hizo ni karatasi ambazo watu husoma na kufungia vitu. Yeyote anaweza kufungua akaunti na kuingiza data. Mgeni hupewa mtu wa kumwelekeza, na unachoandika hukaguliwa na mhariri kabla hakijaonekana. Ukaguzi huo huchukua muda, na watakurudishia kazi kwa sababu ya nukta. Kama una Shujaaz za miaka ile ya kwanza chini ya kitanda, zipige picha majalada sasa, na uandike majina ya wachoraji jinsi yalivyochapwa, usiyasahihishe.