Sista hakuvaa kitenge: uzoefu wangu na mafundi wa kurusha mubashara hapa Iringa

Nyota sifuri. Kama kuna mahali pa kuweka chini ya sifuri, nionyesheni.

Binti yangu aliniambia nisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Nimesubiri, haijashuka. Jina la kampuni silitaji. Ni mafundi wa hapahapa mjini, wanaozunguka na gari lao la mitambo kwenye harusi na mahafali, na mkubwa wao ni kijana wa kapelo anayesimama nyuma ya mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, kama hakimu wa mahakama kuu.

Mimi ni fundi cherehani. Kamera sizijui. Masafa ya maiki nilikuwa siyajui, sasa nayajua kwa shari. Kitambaa ndicho nakijua tangu usichana wangu. Kwa hiyo mtu akisimama mbele yangu aniambie kitambaa changu kimeharibu shughuli ya watu, awe na uhakika.

Kwaya yetu pamoja na watoto wa parokia tuliamua kuigiza The Sound of Music, ule mchezo wa nyimbo wa Maria, mwanafunzi wa utawa anayetumwa kulea watoto saba wa kapteni, jukwaani na kuirusha mubashara kwenye kebo ya mjini na kwenye simu, ili ndugu wa Njombe, Makambako na Dar nao waone. Wazo lilikuwa la mwalimu wetu wa muziki, mtu ambaye akishika jambo haliachi mpaka liwe au life. Alitukusanya akatuonyesha jinsi Wamarekani walivyofanya. Desemba 2013 kituo cha NBC kiliirusha yote mubashara, Maria akiwa Carrie Underwood, yule mwimbaji wa kantri, studio haina hata mtazamaji mmoja wa kupiga makofi, na majumbani wanaangalia watu zaidi ya milioni 18. Tukamuuliza mwalimu, je akikohoa? Anakohoa. Je akisahau maneno? Anaendelea. Mama mmoja wa sauti ya pili akasema basi hiyo ni kama misa tu, tukacheka sana.

Huyohuyo mwalimu ndiye aliyehangaika na vibali miezi mingi, maana kumbe ruhusa ya kuigiza jukwaani ni moja na ya kurusha hewani ni nyingine, ukiwa na ya kwanza huna ya pili. Hayo alipambana nayo mwenyewe, mimi nilisikia tu akiugua.

Na ngoja niseme hili mapema kwa waliotulaumu kwamba tulichanganya nyimbo. Hatukuchanganya. Mmezoea filamu ya 1965. Mchezo wenyewe ulianza jukwaani New York mwaka 1959, na huko ule wimbo wa vitu nivipendavyo Maria anauimba na Mama Mkuu wa watawa, si na watoto kitandani. Siku ya radi watoto wanaimbiwa wimbo wa mchunga mbuzi. Sisi tulifuata jukwaa. Jirani yangu mpaka leo haniamini.

Sasa nguo. Nilishona nguo 41. Mwalimu alinipa masharti ya kamera: mistari myembamba hapana, kwenye televisheni inacheza kama siafu. Nyeupe kabisa nayo hapana, taa zikiipiga inang'aa mpaka uso wa mtu unakuwa giza. Nikakaa na tetroni nyeupe ya vilemba vya masista nikiitazama. Nikachemsha sufuria ya chai ya Mufindi, nikailoweka, ikatoka na rangi ya maziwa ya mgando. Kwenye kamera ikaonekana nyeupe safi. Hilo sikufundishwa na mtu. Nguo za kuchezea za watoto, zile ambazo Maria anazikata kwenye mapazia, nilizishona kwa kitenge, na pazia la nyumba ya kapteni jukwaani nikaliweka la kitenge hichohicho. Kila mwenye maiki nikamshonea kimfuko cha ndani mgongoni cha kuwekea kile kidude cha betri, nikakitandika flaneli ili kisikwaruze.

Flaneli. Likumbukeni hilo neno.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, baridi ya Iringa imeshaanza kuchachamaa, mwezi wa sita au wa saba mwanzoni. Umeme ulikuwepo kutwa, siwezi kuusingizia. Mafundi walitakiwa wafike asubuhi ili kila mwenye maiki asimame aimbe, wapime. Walifika saa tisa alasiri. Mwalimu akasema tupime hata nusu saa. Kijana wa kapelo akajibu, "Mwalimu, mazoezi ya juzi si tulipima? Maiki ni zilezile." Mwalimu akaomba pia mazoezi ya juzi yawe yamerekodiwa kama akiba, maana mwaka 2019 wale wa Rent, mchezo mwingine wa nyimbo kule Marekani, mwigizaji wao Brennin Hunt alivunjika mguu kwenye mazoezi ya mwisho, na sehemu kubwa ya walichorusha kesho yake ilikuwa rekodi ya mazoezi hayo. Kijana akacheka. Akasema mubashara ni mubashara, anayetaka rekodi aagize rekodi, bei yake tofauti.

Tukaanza. Na hapa lazima niwe mkweli, nyota moja irudi, maana picha ilikuwa nzuri mno. Kulikuwa na binti mmoja kwenye kamera ya kati, mwembamba, shikamoo yake niliipata kabla hata hajatua begi. Alijua lini akusogelee uso na lini akuache. Watoto walipotoka na vitenge vyao mbele ya pazia la kitenge, akawachukua wote saba kwa mstari, kisha akashuka taratibu kwa yule mdogo ambaye kiatu kilikuwa kimemtoka na anakitafuta kwa mguu huku anaimba. Ukumbi mzima ulimpenda yule mtoto. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nalia na pini mdomoni.

Halafu ukaja wimbo wa Mama Mkuu.

Kwa asiyejua, jukwaani wimbo wa kupanda milima ndio unaofunga sehemu ya kwanza. Maria amekimbilia kwa masista, Mama Mkuu anamwambia rudi ukakabili maisha. Mwaka ule wa 2013 aliuimba Audra McDonald, na mwalimu kila akituonyesha alikuwa akigeukia ukutani. Wa kwetu alikuwa mama anayeuza mboga Mlandege. Huyu mama ana sauti ambayo akiita mteja ng'ambo ya barabara, wanageuka na wasiomdai. Aliufanyia kazi ule wimbo miezi minne, kwenye genge lake, kati ya chainizi na nyanya.

Akaanza chini, polepole. Ukumbi kimya, hata watoto wa kubebwa. Akapanda. Akainua mikono juu, amebakiza sauti ile ya mwisho kabisa, ile kubwa. Akafungua mdomo.

Spika zikasema: "Ndaaafu anaingia! Wazazi wa bwana harusi mko wapi? Vigelegele, akina mama!"

Nawaapia. Mama Mkuu wa watawa, mikono mbinguni, anatangaza mbuzi.

Ukumbi wa jirani kulikuwa na harusi. Maiki ya MC wao ndiyo iliyoingia kwetu. Watu wakapasuka kwa kicheko, mzee mmoja mbele akapiga kigelegele, mwanaume mzima. Na yule mama, Mungu ambariki, hakusimama. Alisogea mpaka ukingoni mwa jukwaa akaimba kwa kifua chake bila maiki, ukumbi ukamsikia mpaka mlangoni. Lakini kwenye kebo na kwenye simu hakusikika hata chembe. Simu yangu ikatetemeka mfukoni, ni mama yangu mzazi kutoka Njombe: "Kamwene, mwanangu. Mbona sista anatangaza mbuzi?"

Hilo lingetokea kwa yeyote, ningesamehe. Grease, mchezo mwingine wa nyimbo ambao Wamarekani waliurusha mubashara Januari 2016, mvua iliwaharibia mandhari ya nje, wakaanza na miavuli yao, wakaendelea, na sifa wakapewa. Shughuli ya mubashara ina mambo yake. Mimi si mtu wa kukamia kosa.

Kilichoniwasha ni kilichofuata. Mapumziko, tunabadilisha nguo, nina dakika kumi na watu kumi na mmoja, wengine wamebaki na gauni za ndani. Mlango unafunguliwa. Hodi hakuna. Shikamoo hakuna. Kijana wa kapelo anaingia na viatu vyake, anakanyaga gauni la harusi la Maria nililolitandaza kwenye mkeka, anasimama juu yake, juu yake kabisa, na kuniambia mbele ya watu wote:

"Mama, kitenge chako ndicho kimeharibu sauti. Kitenge kina kelele. Siku nyingine muulize mtaalamu kabla hujashona."

Nikamwambia mwanangu, kwanza shuka kwenye gauni.

Hakushuka. Akaendelea kueleza kwamba kitenge kipya kina wanga, wanga unakwaruza maiki, maiki inapoteza masafa. Sehemu ya kwanza ni kweli! Kitenge kipya kinakwaruza, ndiyo maana vile vya watoto nilivifua mara tatu na nikatandika flaneli. Lakini sista hakuvaa kitenge. Sista alivaa tetroni iliyolowekwa chai na joho la pamba nyeusi. Nilimwambia hivyo. Nikamshika Mama Mkuu begani nikamgeuza, tazama, kitenge kiko wapi hapa? Akasema, "Mama, mimi ndiye fundi." Nami nikamjibu ni nani uliyemkanyagia kazi yake, kama fundi ni wewe.

Akaondoka. Alama ya soli ikabaki mgongoni mwa gauni. Maria akaolewa kwenye televisheni akiwa na alama ya soli, na nilipotazama marudio niliiona.

Sehemu ya pili ilienda. Mwalimu mwenyewe alizima ile maiki, Mama Mkuu akawa anasimama karibu na Maria ili maiki ya Maria imchukue. Mwisho kabisa, familia inapokimbilia milimani na wimbo ule unarudi, aliuimba tena, na safari hii Njombe walimsikia. Mama yangu alinitumia ujumbe wa sauti, anapenga kamasi tu, hakuna neno. Kwa hiyo sijui, labda nyota mbili. Ukumbi ulisimama. Watu walinipa mikono kama nimeozesha.

Lakini wakati tunakunja vitambaa yule binti wa kamera alinijia, akaniomba msamaha yeye, ambaye hakukosa lolote, akanieleza taratibu. Betri za maiki ya Mama Mkuu hazikubadilishwa tangu mazoezi ya juzi. Ukumbi wa jirani wana maiki za aina ileile, kwenye masafa yaleyale, na chombo cha kupokelea hakijui hii ni ya sista na ile ni ya MC, kinashika iliyo na nguvu zaidi. Betri zetu zilipolegea, MC akashinda. Wangefika asubuhi wakawasha zote na kusikiliza majirani, wangehamisha masafa kwa kubonyeza tu. Betri mbili mpya na kubonyeza. Na mtu amekuja kunisomea wanga!

Rudisheni sifuri.

Nilikuwa nimalizie hapo, ila kuna jingine limetokea wiki hizi, nalo linanichanganya. Yule binti alirekodi yale mazoezi ya juzi yake kabla ya shughuli. Hakuambiwa na mtu, alisema alikuwa anajifunza tu kumfuata mwimbaji na kamera. Wimbo wa Mama Mkuu upo wote, na sauti ile ya mwisho ipo. Alinichezea kipande kwenye simu yake pale kibandani kwangu, mteja aliyekuja kupunguza suruali akakaa chini bila kuulizwa. Kwa hiyo niseme nini? Mkiwapata wale, ombeni kamera ashike huyo binti, mikisa mletee mtu wenu, na betri nunueni wenyewe dukani mzitie kwa mikono yenu. Picha yao sijaona mfano hapa mjini. Naona hata kuandika nimewaandika vibaya sana.

Jana kijana wa kapelo amenipigia. Bila shikamoo. Amesikia kuna rekodi, anasema ni mali ya kampuni, tukiitaka ni elfu hamsini. Nikamuuliza je gauni? Akasema gauni gani.

Flashi yenye rekodi iko kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini. Elfu hamsini hatujalipa.